Mtu, Kinga, Kinasa au Cheti: Uchague Nini Ili Mashine Inayojiamulia Iwajibike

Mashine inayojiamulia huuzwa kwa ahadi moja: iache ifanye kazi, utaona. Iwe roboti ya ghala, droni ya kupulizia dawa mashamba, gari lisilo na dereva, pampu ya dawa wodini au programu inayonunua na kuuza hisa, ahadi haibadiliki. Lakini anayetakiwa kuinunua, kuipa kibali au kufanya kazi kando yake anahitaji kitu kizito kuliko ahadi. Anahitaji kujua kwamba siku itakapomuumiza mtu kutakuwa na wa kujibu, na kutakuwa na ushahidi ambao hakuna awezaye kuuficha.

Njia zinazopendekezwa kila mara ni nne. Kuna kumweka binadamu asimamie, kufunga kinga iliyojitenga na akili ya mashine, kufunga kinasa kinachorekodi kila uamuzi, na kutafuta cheti cha taasisi inayoaminika. Kwenye vipeperushi hupangwa pamoja, kana kwamba ukipata moja umepata zote. Mimi nazipima hivi: njia hii inazuia madhara kabla hayajatokea? Ikishindwa, inaacha ushahidi? Na ushahidi huo unamfikia aliyefanya uamuzi, au unaishia kwa mnyonge aliyekuwa karibu na kitufe?

Niseme mapema ninakoegemea. Kama fedha zinatosha njia mbili tu, ningechukua kinga iliyojitenga na kinasa kisichoshikwa na mtengenezaji peke yake. Msimamizi binadamu ningemtaka pale tu anapopewa muda na mamlaka ya kweli. Cheti ningekisoma kwa makini, hasa ile sehemu inayotaja kisichohusika nacho.

Mtu wa kusimamia, au kinga iliyojitenga?

Hapa ndipo fedha nyingi na maisha mengi hupotea, kwa hiyo nitakaa.

Kumweka mtu kunaonekana busara, tena ni rahisi: huhitaji kubuni chochote, unaajiri tu. Ila maneno "kuna mtu anasimamia" yanabeba mipango mitatu isiyofanana. Katika wa kwanza, mashine inapendekeza na haitendi mpaka mtu aidhinishe. Katika wa pili, inatenda yenyewe na mtu anaitazama, akiwa na uwezo wa kuingilia kati. Katika wa tatu, inatenda, na mtu anapitia matokeo baadaye, pengine machache tu kati ya mengi. Muuzaji akikuambia kwamba binadamu yupo kazini, muulize ni mpango upi, kwa sababu ule wa pili ndio unaouzwa zaidi na ndio dhaifu zaidi.

Udhaifu wake umejulikana zamani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu watazamaji wa rada. Alionyesha kwamba mtu anayekodolea macho kitu ambacho karibu kila mara hakina tatizo huanza kukosa dalili adimu ndani ya nusu saa ya kwanza. Mwaka 1983 mtafiti Lisanne Bainbridge aliongeza jambo ambalo wabunifu wengi bado hawajalimeza: kadiri mashine inavyochukua kazi ya kawaida, ndivyo binadamu anavyobakiziwa zile dakika chache ngumu kupita zote, huku ustadi wake ukiwa umefifia kwa kutotumika. Haya si maneno ya kumdharau mfanyakazi. Ni mipaka ya mwili wa kila mtu, mwenye bidii na mvivu.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walikuta kwamba vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla ya mgongano. Programu ikawa inabadili mawazo: ni gari, ni kitu kisichojulikana, ni baiskeli, na kila ilipobadili ilisahau alikuwa akielekea wapi. Mfumo wa breki za dharura ambao Volvo ilikuwa imeufunga kiwandani ulikuwa umewekwa usifanye kazi wakati gari liko mikononi mwa kompyuta. Onyo kwa mwendeshaji lililia sekunde 0.2 kabla ya kugonga. Mwendeshaji mwenyewe, kwa muda mwingi kabla ya hapo, alikuwa akiangalia simu yake. Miezi michache nyuma, kampuni ilikuwa imepunguza waendeshaji wa kila gari kutoka wawili hadi mmoja.

Tazama lawama zilivyogawanywa. Mwaka 2019 waendesha mashtaka walisema hawaoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwendeshaji alishtakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Simtetei, alipaswa kutazama barabara. NTSB nayo iliinyoshea kidole kampuni kwa utamaduni wake duni wa usalama. Lakini walioamua breki ya kiwandani izimwe, na walioamua kwamba mtu mmoja anatosha kukesha na mashine ambayo karibu kila mara haikosei, hawakupanda kizimbani. Msimamizi wa namna hiyo hazuii ajali. Anakuwa mahali pa kutua lawama, na ukiajiri kwa mpango wa pili bila kumpa muda wa kutenda, hilo ndilo unalonunua.

Kinga iliyojitenga ni kitu tofauti. Ni kifaa kidogo chenye kihisi chake, umeme wake na njia yake ya kufikia breki au swichi, kisichojua lolote kuhusu malengo ya mashine. Kazi yake ni kulinda mpaka: kasi isizidi hapa, mkono usipite hapa, dozi isivuke hapa. Kwenye roboti za viwandani utaikuta kama skana ya leza inayokata nguvu za mota mtu anapokanyaga eneo lililokatazwa, pamoja na kile kitufe chekundu juu ya bamba la njano. Faida yake kubwa ni udogo. Programu iliyojifunza kutoka mamilioni ya mifano haiwezi kujaribiwa katika kila hali itakayokutana nayo, lakini kifaa chenye masharti kumi kinaweza. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61508 kinapanga usalama wa mifumo ya namna hii katika ngazi nne, na kila ngazi inadai ushahidi mzito kuliko iliyo chini yake. Ushahidi huo hupatikana kwa kifaa kidogo kwa urahisi zaidi kuliko kwa ubongo mzima wa roboti.

Somo chungu zaidi kuhusu kinga lilitokana na Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa na AECL ya Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa 6 mionzi mingi kupita kiasi, na angalau 3 wakafariki. Iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya umeme na vya mitambo. Katika Therac-25 viliondolewa, kazi yao ikaachiwa programu. Baadaye iligundulika kwamba mojawapo ya makosa ya programu lilikuwemo hata kwenye Therac-20. Huko lilikuwa likikata fyuzi tu. Kosa ni lile lile, ila mashine moja iliunguza fyuzi na nyingine iliunguza watu. Sijui hoja nzito kuliko hiyo ya kutokubali kuambiwa kwamba programu imekua vya kutosha, kinga ya chuma haihitajiki tena.

Kinga nayo ina udhaifu ambao wauzaji wake hawapendi kuutaja: wengi huiunda wakidhani kwamba kusimama ndiyo usalama. Kwa mkono wa roboti, mara nyingi ni kweli. Kwa droni iliyo angani, mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, au gari lililo katikati ya reli, kusimama kunaweza kuua. Hata hatua inayoonekana ya hekima inaweza kudhuru. Tarehe 2 Oktoba 2023 huko San Francisco, mtembea kwa miguu aligongwa na gari lililoendeshwa na mtu, akarushwa mbele ya gari la Cruise lisilo na dereva. Gari hilo lilifunga breki na kusimama. Kisha, likiwa limetafsiri kwamba limegongwa ubavuni, likatekeleza hatua yake ya usalama, yaani kusogea kando ya barabara. Mtu yule alikuwa chini yake, na likamburuta mita 6 hivi.

Kwa hiyo usiulize tu kama kinga ipo. Uliza mashine ikipotewa inafanya nini, na nani alithibitisha kwamba hilo ni salama katika mazingira utakayoitumia. Inawezekana kulifanya vizuri. Ndege za kivita za F-16 zina mfumo ambao, rubani akipoteza fahamu na ndege ikielekea ardhini, huinyanyua bila kuambiwa, tena husubiri mpaka nukta ya mwisho ili usimwingilie rubani aliye macho. Umekwishaokoa maisha ya marubani kadhaa.

Uliza pia kinga inasikiliza vihisi vingapi. Katika Boeing 737 MAX, mfumo wa MCAS ulishusha pua ya ndege ulipodhani imeinuka mno, na ulisikiliza kihisi kimoja kwa wakati ilhali ndege ilikuwa na viwili. Ajali za Lion Air mwezi Oktoba 2018 na Ethiopian Airlines mwezi Machi 2019 ziliua watu 346. Kabla ya ile ya kwanza, vitabu vya maelekezo vya marubani havikuwaeleza kwamba mfumo huo upo.

Binadamu basi anafaa wapi? Pale uamuzi unapokwenda taratibu na unapogusa mambo ambayo hakuna kihisi cha kuyapima: mgonjwa gani atangulie, ombi la nani likataliwe, silaha ifyatuliwe au la. Hapo nautaka mpango wa kwanza bila kusita, na nautaka kwa mtu anayeweza kusema hapana bila kukatwa mshahara. Pale mashine inapokwenda kwa sekunde, pima muda anaopewa. Kanuni namba 157 ya Umoja wa Mataifa, ya magari yanayoshika njia yenyewe, inampa dereva katika hali ya kawaida angalau sekunde 10 za kuitikia wito wa kushika usukani kabla gari halijaanza kujisimamisha. Ziweke hizo kando ya 0.2 za Tempe, kisha mwambie muuzaji akuonyeshe za kwake.

Kinasa, au maelezo ya mashine yenyewe?

Siku hizi mashine zinaweza kujieleza kwa sentensi safi. Roboti inasema imesimama kwa sababu imeona mtoto. Programu inasema imekataa ombi kwa sababu ya historia ya malipo. Inavutia, na wanunuzi wengi wanaona hilo linatosha. Mimi naona kinasa ni bora karibu kila mahali, na sababu yangu ni hii: maelezo yanayotolewa baada ya tendo ni kazi nyingine ya programu, na si lazima yalingane na kilichosababisha tendo. Kinasa kinaeleza kidogo, lakini kilichomo kiliandikwa wakati ule ule.

Zaidi ya hapo, mashine inayoonekana kujua inachofanya huvuta imani kuliko inavyostahili. Mwaka 2016 watafiti wa Georgia Tech waliweka watu ndani ya jengo, wakawasha king'ora na kumwaga moshi bandia. Wengi waliifuata roboti ya kuwaongoza nje, hata wale walioiona dakika chache kabla ikipotea njia. Ongeza sauti ya upole na sababu zilizopangwa vizuri, na imani hiyo itapanda bila mashine kuwa imebadilika hata kidogo. Upande wa pili, maelezo mabovu nayo yanaua: wahudumu wa Therac-25 walikuwa wakiona kwenye skrini maneno "Malfunction 54" ambayo hayakuwaambia chochote cha kuwasaidia, wakabonyeza kuendelea.

Wazo la kinasa lina historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1954 David Warren, mwanakemia wa Australia aliyeshiriki kuchunguza ajali za ndege za Comet, alipendekeza ndege zibebe chombo cha kurekodi kinachoweza kunusurika. Mwanzoni hakuungwa mkono, na marubani walihofu kupelelezwa. Leo ndege kubwa ya abiria haipai bila chombo hicho. Kilichokifanya kiheshimiwe ni utaratibu uliokizunguka kuliko ugumu wa sanduku lake: kiambatisho cha 13 cha mkataba wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinasema lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama wala dhima. Uchunguzi una njia yake na mahakama ina yake. Ukitaka wafanyakazi wako wasizime kinasa wala kukifunika, iga mgawanyo huo.

Nisikisifu kupita kiasi. Kinasa hakifanyi chochote kama aliyekisoma hana uwezo wa kuchukua hatua. Kile cha Lion Air kilipatikana siku chache baada ya ajali, na kilionyesha MCAS ikishusha pua ya ndege zaidi ya mara 20. Ndege za aina hiyo ziliendelea kuruka hadi Machi mwaka uliofuata. Ndiyo maana unaponunua kinasa, nunua pamoja nacho jina la mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kundi zima la mashine kwa kile atakachosoma.

Vinasa vyenyewe havilingani. Kile cha kawaida cha magari, ambacho Umoja wa Ulaya umekifanya lazima kwa magari yote mapya madogo ya abiria na vani tangu Julai 2024, hushika sekunde 5 hivi kabla ya mgongano: kasi, breki, usukani, mkanda. Kinafaa kueleza mgongano. Hakikuambii kompyuta ilifikiri nini. Kile kinachotakiwa na Kanuni 157 kinaandika mambo mengine: ni saa ngapi mfumo uliwashwa, ni saa ngapi ulimwomba dereva ashike, alishika au hakushika. Hicho kinajibu swali la nani alikuwa akiendesha. Kwa mashine yoyote yenye uzito ningedai vyote viwili, na juu yake toleo la programu lililokuwa likifanya kazi saa ile, kilichoonwa na vihisi, uamuzi uliochaguliwa, amri iliyotumwa kwenye mota na kila mkono wa binadamu ulioingilia. Bila toleo la programu, mengine yote hayana nanga. Wiki moja baadaye mashine ile inaweza kuwa na programu nyingine kabisa.

Halafu linakuja swali ambalo naliona kubwa kuliko yote: nani anakishika? Rekodi ikikaa kwa mtengenezaji peke yake, hiyo ni kesi ya nyani kupewa ngedere. Katika tukio la Cruise video ilikuwepo na data ilikuwepo. Lakini ripoti ya mwanzo kwa wasimamizi wa serikali ya Marekani haikutaja kwamba mtu aliburutwa. California ikasimamisha vibali vya kampuni tarehe 24 Oktoba 2023, na mwaka 2024 Cruise ikakiri kutoa ripoti ya uongo na kukubali faini ya dola 500,000. Huko Uingereza, mfumo wa kompyuta wa Horizon uliokuwa ukitumika katika ofisi za posta ulitoa hesabu zenye makosa, na watu zaidi ya 900, wengi wakiwa waendeshaji wa ofisi hizo, walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kati ya 1999 na 2015. Kwa miaka walikuwa wakiambiwa kwamba hakuna awezaye kugusa hesabu zao kutoka mbali. Iliwezekana. Horizon haikuwa roboti, lakini ndiyo picha kamili ya mtu mdogo anayeshindana na rekodi iliyo mikononi mwa mpinzani wake.

Dawa ya kiufundi ipo na haina gharama kubwa: kila ingizo libebe alama ya kidijitali ya lililotangulia, ili ukifuta moja yanayofuata yote yasilingane, na nakala ikae kwa mtu wa tatu, iwe bima, msimamizi wa serikali au mmiliki. Muda wa kuhifadhi nao uandikwe. Sheria ya akili bandia ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inataka rekodi za mifumo yenye hatari kubwa zihifadhiwe angalau miezi sita. Mimi ningeuona huo ni mwanzo tu, maana majeraha mengine hujitokeza baadaye.

Kuna mahali maelezo yanakishinda kinasa. Mtu aliyenyimwa mkopo, kazi au matibabu na programu hana faida na mafaili ya rekodi. Anahitaji sababu anayoweza kuipinga: taarifa gani ilitumika, ni ipi ingebadili jibu, akate rufaa kwa nani. Kiwango cha 7001 cha IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi, cha mwaka 2021 kililitambua hilo kwa kutenganisha uwazi anaouhitaji mtumiaji na ule anaouhitaji mchunguzi wa ajali au mwanasheria. Na kifaa cha nyumbani kinachosikiliza na kuona kina tatizo lake: kinasa chake kinaweza kugeuka jasusi wa familia. Hapo nataka kinachorekodi matendo ya mashine na kuwaacha watu, kwa dirisha fupi.

Cheti, au dhamana ya kisheria?

Cheti kinakuambia kwamba siku fulani, toleo fulani, katika mazingira fulani, lilipita mtihani fulani. Ni taarifa yenye thamani kwa mashine isiyobadilika. Kwa mashine inayopokea programu mpya kila mwezi, cheti huanza kuchakaa siku kilipotolewa, isipokuwa kama kinafuatilia kila badiliko. Kwa hiyo soma nambari ya toleo na masharti ya matumizi. Roboti iliyopewa cheti kwa sakafu kavu isiyo na watoto haina cheti katika ukumbi wa shule.

Dhamana ya kisheria haizuii ajali moja kwa moja, ila inamfanya mwenye uwezo wa kuizuia awe na sababu ya kufanya hivyo. Hapa mambo yamesogea. Sheria ya Uingereza ya magari yanayojiendesha, iliyopitishwa 2024, inampa kinga ya mashtaka aliyekaa kwenye kiti kuhusu jinsi gari lilivyojiendesha, na kuweka taasisi iliyoidhinishwa kuwa mwenye kujibu. Hiyo ni kinyume cha kilichotokea Tempe. Maelekezo mapya ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zenye kasoro, yatakayotumika kuanzia tarehe 9 Desemba 2026, yanaihesabu programu kuwa bidhaa. Yanairuhusu mahakama kumwamuru mtengenezaji atoe ushahidi, na akikataa, kasoro inachukuliwa kuwa ipo. Na Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, lilikataa utetezi wa Air Canada ambao kwa tafsiri ya baraza hilo ulimaanisha kwamba roboti yake ya mazungumzo ijibu yenyewe kwa ilichomwambia abiria.

Nikilazimika kuchagua kati ya cheti kizuri chenye mkataba unaomkinga muuzaji dhidi ya kila dai, na mashine isiyo na cheti ambayo mtengenezaji wake amekubali kwa maandishi kulipa madhara na ana bima ya kulipia, nakubali ya pili kwa kazi zenye hatari ndogo. Kwa kazi za kuua na kuponya nataka vyote viwili au siitaki mashine.

Sasisho kwa mbali, au kwa mkono?

Hili ni fupi. Kusasisha kwa mbali ni haraka, na tundu likigunduliwa linazibwa kwa vifaa vyote siku hiyo hiyo. Lakini mlango huo huo anaweza kuupitia mwingine. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na vifaa vya kurekodia video kwa kujaribu tu orodha ya nywila zipatazo 60 za kiwandani. Mwaka 2017, vidhibiti moyo vipatavyo 465,000 nchini Marekani vilipohitaji programu mpya ya kuziba tundu la kiusalama, wagonjwa waliombwa waende kliniki, kazi ya dakika chache mbele ya mhudumu mwenye vifaa vya dharura. Kwa kamera na spika, kubali sasisho la mbali lenye saini ya kidijitali, na ukatae kifaa chenye nywila moja kwa wote. Uingereza imezipiga marufuku tangu Aprili 2024. Kwa kinachogusa mwili au kinachobeba watu, nataka mtu awepo, na nataka kinga iliyojitenga isiguswe na sasisho la ubongo.

Kwa mashine iliyo mbele yako

Roboti ya ghala au kiwanda: kinga kwanza, na usikubali punguzo la bei kwa kuiondoa. Kinasa rahisi kinatosha. Msimamizi awe wa kushughulikia mashine iliyosimama, asiwe wa kuikodolea macho ili isikosee.

Gari au droni: kinga yenye vihisi zaidi ya kimoja, hatua ya kujiokoa iliyojaribiwa katika mazingira yako, na kinasa chenye nakala nje ya kampuni. Hapa dhamana ya maandishi ina uzito kuliko cheti.

Programu inayotumia fedha kwa niaba yako: wengi hudhani haihitaji kinga kwa kuwa haina chuma. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 ndani ya dakika 45 kwa sababu programu ya zamani ilizinduka kwenye seva moja kati ya nane, na hapakuwa na kikomo cha kuikata. Weka kikomo cha fedha nje ya programu, mahali ambapo haiwezi kukibadili, na idhini ya mtu juu ya kila kitu kisichorudishika.

Kifaa cha tiba: hapa sina cha kulegeza. Cheti cha toleo hilo hilo, kinga ya kimwili ya dozi, kinasa, na mhudumu anayeweza kuzima bila kuomba ruhusa.

Mfumo unaoamua hatima ya watu kwa karatasi: mtu wa kuidhinisha kabla, maelezo yanayopingika, na njia ya rufaa inayoishia kwa binadamu.

Kabla ya kutia saini, omba mashine iletwe kwa majaribio na uisababishie tukio dogo lisilo na madhara: izuie njia, ikatie mtandao, funika kihisi kimoja. Kisha andika barua kama ambavyo angeandika aliyeumizwa, ukiomba rekodi ya dakika ile. Angalia inachukua siku ngapi kuja, imesainiwa na nani, inasomeka bila programu ya muuzaji au la, na kama kihisi ulichofunika kimetajwa. Kama jibu ni kwamba data ni siri ya kampuni, hamia kwa muuzaji mwingine.